Tupu si sufuri

Kila anayeandika programu hujifunza mapema tofauti ya sufuri na tupu. Sufuri ni jibu: tumehesabu, hakuna. Tupu maana yake hakuna aliyehesabu. Kwenye skrini vitu hivi viwili vinaweza kufanana, na ukiviacha vichanganyike, ripoti yako itatoka safi kabisa huku ikisema uongo.

Leo sitaandika juu ya programu mpya wala simu mpya. Nataka kuzungumzia watu wanaokufa na kuumia kazini, hasa huku kwetu Munje na Kwale kwa jumla, kwa sababu naona kosa hilo hilo kwenye hesabu zao. Tunasoma tupu kama sufuri, halafu tunapanga mambo ya watu kwa hesabu hiyo.

Tuanze na kazi zenyewe. Munje watu wanavua, wanagema, wanachonga mawe kwenye matimbo, wanaendesha boda boda kwenda Msambweni na Ukunda. Wengine wanafanya kibarua kwenye mashamba ya miwa, wengine wako mjengoni Diani. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni akikanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina, na mvua ikinyesha shina linateleza. Mchonga mawe anavuta vumbi mwaka baada ya mwaka. Mvuvi anatoka na mtumbwi kusi ikiwa inavuma kwa sababu nyumbani hakuna unga. Kaa na mzee yeyote wa hapa umuulize ni nani waliokufa kwa kazi hizi, atakutajia majina. Sasa uliza majina hayo yameingia wapi kwenye hesabu ya vifo vya kazini...

Si kwamba Kenya haina sheria. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria mbili: moja ya usalama na afya kazini, nyingine ya fidia kwa wanaoumia kazini, ile inayojulikana kama WIBA. Zote mbili si mbaya. Mfanyakazi akifa, mwajiri anatakiwa kumjulisha afisa wa usalama kazini ndani ya saa 24. Fidia ya kifo ni mapato ya miezi 96. Mwajiri analazimika kuwa na bima. Dai lina muda wa miezi 12 kuwasilishwa. Kulikuwa na kesi ndefu ya kupinga baadhi ya vifungu vya WIBA, na Mahakama ya Juu ikaimaliza Desemba 2019 kwa kuvithibitisha vifungu hivyo.

Angalia lakini mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Fomu inajazwa na mwajiri, bima inalipwa na mwajiri, fidia inamhusu aliyeajiriwa. Ukiwa na mwajiri mkubwa, taarifa inatembea. Kwale tumeliona hilo. Base Titanium ilianza uzalishaji mwaka 2013 na kumaliza kuchimba Desemba 2024, na katika miaka hiyo ripoti za kampuni mama zilikuwa na kipimo cha majeraha yaliyomfanya mtu akose zamu, kwa kila saa milioni moja za kazi. Upende au usipende mgodi ule, huwezi kusema hawakuhesabu. Sufuri yao ilikuwa na daftari nyuma yake.

Sasa toka mgodini, shuka hadi pwani. Mvuvi amejiajiri, au anavua kwa mgao kwenye chombo cha mtu. Akizama, nani atajaza fomu? Marehemu mwenyewe? Atazikwa siku ile ile au ya pili, na kama kuna maandishi yoyote, yatasema amekufa maji. Wa mnazi atakuwa ameanguka. Wa boda boda ataingia kwenye ajali za barabarani, pamoja na abiria wake, ingawa mmoja alikuwa safarini na mwenzake alikuwa kazini. Sababu ya kifo imeandikwa sawasawa. Kilichopotea ni kwamba mtu huyu alikuwa anatafuta riziki.

Na hawa si wachache. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira za Kenya ziko kwenye sekta isiyo rasmi. Maana yake mfumo wetu wa kuripoti umejengwa kwa ajili ya walio wachache.

Hili si tatizo la Munje peke yake. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu za kazi. Kati yao kama 330,000 ni wa ajali, waliobaki wote ni wa magonjwa. Yaani vumbi, kemikali na saa nyingi za kazi vinaua watu wengi kuliko kuanguka na kupondwa. Au chukua uvuvi. Kwa miaka mingi takwimu iliyokuwa ikirudiwa duniani ilikuwa vifo 24,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 utafiti wa FISH Safety Foundation ukakadiria zaidi ya 100,000. Je, bahari iligeuka kuwa kali mara nne? Hapana jamani. Walitafuta mahali ambapo wengine hawakutafuta, wakiwemo wavuvi wadogo kama hawa wetu.

Nchi tajiri nazo zina mchezo huu wa safu. Uingereza ilitangaza vifo 124 vya kazini kwa mwaka ulioishia Machi 2025. Marekani ilitangaza 5,283 kwa mwaka 2023. Marekani ina watu mara tano tu kuliko Uingereza, sasa mbona tofauti ni zaidi ya mara 40? Sehemu ya jibu ni kwamba kazi za Marekani zina hatari zaidi. Sehemu nyingine ni kwamba hesabu ile ya Uingereza haiwahusishi wanaokufa barabarani wakiwa kazini, na vifo vya baharini vina ofisi yake. Marekani inawaweka wote, na usafiri peke yake ulichukua vifo 1,942.

Kitu ninachokipenda kwenye hesabu ya Marekani ni njia yao. Tangu mwaka 1992 hawategemei fomu ya mwajiri pekee. Wanachukua vyeti vya vifo, ripoti za polisi, madai ya fidia na hata habari za magazeti, wanaunganisha, wanaondoa marudio. Aliyejiajiri anaonekana. Mvuvi anaonekana. Ndiyo maana wanaweza kusema bila kubahatisha kwamba uvuvi na ukataji miti ni kati ya kazi zinazoua zaidi nchini mwao. Kwa sisi wa kompyuta hilo ni jambo la kawaida: chanzo kimoja kikiwa na mapengo, unaongeza vyanzo.

Kwa wale wenye ndugu Ghuba, mfano wa Qatar mnaujua. Kamati ya maandalizi ya Kombe la Dunia ilihesabu vifo 3 vilivyotokana na kazi kwenye ujenzi wa viwanja, na vingine 37 ikasema havikutokana na kazi. Novemba 2022 mkuu wa kamati, Hassan al-Thawadi, akasema kwenye mahojiano kuwa waliokufa ni kati ya 400 na 500. Baadaye kamati ikafafanua kwamba hiyo ilikuwa hesabu ya vifo vya kazini vya nchi nzima, sekta zote, kuanzia 2014 hadi 2020. Kijana aliyefanya kazi juani mchana kutwa halafu akafa usiku kitandani anaweza kuandikwa kifo cha kawaida, moyo umesimama. Basi. Nyumbani wanapokea jeneza, na fidia haipo.

Nawasikia wanaosema kuandika hakumfufui mtu. Kweli. Wengine watasema ni kudra ya Mungu. Kudra haina mpinzani, lakini hakuna aliyetukataza kuhesabu. Bajeti ya kaunti haisikii kilio, inasoma takwimu. Anayeomba boti la uokoaji, maboya kwa kila chombo, au bima ya bei nafuu kwa wagema, ataulizwa: ni wangapi? Akijibu "ni wengi", mazungumzo yamekwisha. Kampuni ya bima nayo haiwezi kupanga bei ya hatari ambayo hakuna aliyeiandika, kwa hiyo ama haiji kabisa, ama inakuja na bei ya kukufukuza.

Hofu ya tatu naiheshimu zaidi. Watu wetu wanajua kwamba daftari likifunguliwa, kesho huja leseni na kodi. Ndiyo maana sipendekezi kuanza na majina.

Pendekezo langu ni dogo, na msishangae likitoka kwa mtu wa programu: tusianze na programu. Tuanze na daftari la shilingi mia. BMU, yaani vikundi vya kusimamia fuo vilivyowekwa kwa kanuni za mwaka 2007, tayari vinaandika kilo za samaki. Vifungue ukurasa mwingine wenye safu tano:

1. Tarehe na mahali.
2. Alikuwa anafanya kazi gani.
3. Nini kilitokea.
4. Amekufa, ameumia, au amenusurika.
5. Nani alikuwa mwajiri wake, au kama alijiajiri.

Wagema, wenye matimbo na vyama vya boda boda wafanye vivyo hivyo. Naibu chifu anapoandika kifo cha nyumbani, na hospitali ya Msambweni inapompokea majeruhi, swali moja liwe la lazima: alikuwa kazini? Mwisho wa mwaka daftari hizo ziunganishwe na taarifa za polisi. Hapo ndipo kompyuta itakuwa na maana, na kazi yenyewe ni ya siku chache.

Najua mwaka wa kwanza takwimu zitapanda vibaya sana na wakubwa watashtuka. Watasema Kwale kumeharibika. Tuwaambie mapema: waliokufa ni wale wale wa siku zote, ila safari hii kuna aliyewaandika.

Wewe uliyeko timboni, baharini au mjengoni, unaonaje? Na kama kijiji chenu tayari kina daftari la namna hii, tuelezeni mnavyofanya, tuige.