Mtamba Ana Kesi ya Kujibu?

Juzi asubuhi nilikuwa kijiweni kwetu Kivukoni, hatua chache kutoka kwenye pantoni la Kigamboni, nikisubiri chai ya maziwa na vitumbua. Jamaa yangu mmoja, msomi mzuri tu, akasukuma kikombe chake pembeni. Eti siku hizi hanywi maziwa, amesoma kwenye intaneti kwamba ng'ombe ndio wanaoichemsha dunia. Nikamtazama. Huyu huyu huja kazini peke yake kwenye gari, kiyoyozi kinavuma kutoka Tegeta mpaka Posta!

Wadau, nilicheka, lakini hoja yake nilikaa nayo siku nzima. Haikutoka hewani. Mwaka 2006 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa ripoti iliyosema mifugo inachangia asilimia 18 ya gesijoto zinazosababishwa na binadamu. Mwaka 2013 likapiga hesabu upya, likapata asilimia 14.5. Na hapa kwetu, mwaka huo huo wa 2006, serikali ilianza kuwaondoa wafugaji na ng'ombe wao kwenye bonde la Ihefu kwa hoja ya kuokoa maji ya Ruaha Mkuu, huku sisi wa Dar tukikaa gizani kwa mgawo wa umeme. Tumezoea kumshitaki ng'ombe. Tatizo ni kwamba tunawashitaki ng'ombe wote kwa hati moja ya mashitaka.

Mimi leo namtetea mmoja tu: mtamba wa maziwa, yaani jike ambaye hajazaa bado. Huyu anatuhusu sana sisi tunaonunua pakiti za maziwa ya Tanga kwenye maduka ya Kariakoo. Kila siku mtamba anakula, anacheua na anabeua methani. (Gesi hiyo hutokea zaidi mdomoni, si huko nyuma mnakofikiria.) Kwa kipindi cha miaka 100, methani hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko hewa ya ukaa yenye uzito ule ule. Na muda wote huo mtamba hajatupa hata tone la maziwa.

Sasa pigeni hesabu. Mtamba aliyelishwa vizuri anaweza kupandishwa akiwa na miezi 15 hadi 18. Akibeba mimba miezi tisa, atazaa kabla ya kutimiza miaka miwili na nusu. Mwenzake aliyekuzwa kwa mabua ya mahindi na majani makavu anaweza kufika miaka minne ndipo azae. Huo ni mwaka mmoja na nusu wa ziada wa kula na kubeua bure. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mtamba, muulizeni mwenye zizi: anakula nini?

Huko Uingereza na New Zealand siku hizi wapo wafugaji wanaochanganya nyasi na mimea ya majani mapana kama chikori, plantago na klova. Sisi tunayo ya kwetu: desmodiamu, lukina, glirisidia, hata fiwi. Mingi ya mimea hii ni mikunde. Huvuta naitrojeni kutoka hewani na kuirutubisha ardhi, kwa hiyo malisho hayadai mbolea nyingi ya dukani. Ina protini kuliko mabingobingo yaliyokomaa, na ndama hukua haraka. Tena baadhi, kama desmodiamu, ina tanini, ambayo hupunguza kiasi fulani cha methani na kufanya naitrojeni nyingi zaidi itoke kwenye kinyesi badala ya mkojo, ambako hupotea haraka hewani na kwenye maji.

Na siyo ndoto za maabara. Kule Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilianza miaka ya 1990 kuwafundisha wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na mabingobingo pembeni. Desmodiamu hufukuza funza wa mabua na kudhibiti kiduha, kisha huvunwa na kupelekwa zizini. Shamba moja, ugali na maziwa.

Najua mtaniuliza: basi mikunde ndiyo dawa ya kila kitu? Hapana. Lukina ikizidi humdhuru ng'ombe, na ikiachwa bila kudhibitiwa hugeuka gugu. Mbegu za desmodiamu ni ghali. Na mfugaji akiona faida anaweza kuongeza ng'ombe badala ya kupunguza, tukarudi pale pale. Lakini mtu anayekataa njia hii kwa sababu haimalizi tatizo lote anafanana na jamaa yangu wa chai na gari lake.

Kuna jambo jingine ambalo huku mjini hatulioni. Vijijini kuna mipango ya kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapewa mtamba, na deni unalilipa kwa kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Mtamba akichelewa kuzaa, mwenye zizi anakosa maziwa, na jirani aliyeandikishwa baada yake naye anasubiri. Kilimanjaro, akina mama hushuka tambarare kutafuta majani na kupanda nayo mlimani, mzigo kichwani. Mstari wa desmodiamu au lukina kwenye ukingo wa kihamba ungewapunguzia safari hizo. Kwa hiyo tunapozungumza gesijoto, tunazungumza pia shingo ya mama na kikombe cha mtoto.

Mwaka 2022 serikali ilianza kutoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima. Vizuri sana. Sasa naomba na mbegu za malisho ziingie kwenye mahesabu hayo, na bwana mifugo apewe pikipiki na mafuta akawafundishe watu kuzipanda. Hilo lina maana kuliko sisi wa Posta kususia chai ya maziwa.

Jamaa yangu nimemwambia anywe chai yake, ila kesho aje na daladala. Hajanijibu mpaka sasa. Nyie wenzangu mnasemaje?

Naomba kutoa hoja.