Ukwangala na Lengo la Kuishi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, wanapolijadili swali la lengo la maisha, hukimbilia Kichwamaji (1974) na udhanaishi wa Ulaya. Mwelekeo huo ni finyu. Huko Rungwe, Mbeya, Monica Wilson, aliyewatafiti Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alikuta wavulana wa rika moja wakijijengea kijiji chao na kuzeeka humo pamoja. Raha ya kuishi na wenzao, yaani ukwangala, ndiyo iliyoyapa maisha thamani (wanawake, ni kweli, hawakuwa na vijiji vya namna hiyo). Udhanaishi huanza na mtu aliye peke yake. Ukwangala haumtambui mtu huyo. Hata kifo cha Mkwawa wa Iringa, aliyejipiga risasi mwaka 1898 asitekwe na Wajerumani, kisisomwe kama uamuzi wa mpweke: heshima aliyoilinda haina maana pasipo Wahehe wa kuitambua.