ELIMU YA BIASHARA IWE NA KAZI NDANI YAKE



Hapa Namboboto mzazi huuza ng'ombe apate karo, kijana akasome biashara. Huyo kijana hurudi na shahada, akaenda Busia au Malaba kutafuta kazi, naye hajapata kujaza hati ya forodha hata moja. Hatusemi shahada ni bure. Twasema elimu na kazi zisipeane kisogo.

Mpaka umebadilika. Tangu 2014 shehena nyingi za Uganda hulipiwa ushuru zingali Mombasa. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kifunguliwe rasmi 2018, lori hukaguliwa upande mmoja tu. Karani aliyeishi kwa kupeleka karatasi dirisha hata dirisha amepungukiwa na kazi. Kazi iliyobaki yataka kompyuta na sheria za ushuru.

Mafunzo yapo: kuna cheti cha mawakala wa forodha cha Afrika Mashariki, kinachotambuliwa ng'ambo zote mbili. Fedha nazo zipo: kwa sheria, mwajiri hulipa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, ziende katika mfuko wa mafunzo. Akiwafundisha watu wake aweza kudai kurudishiwa gharama.

Basi twadai: vyuo viwaite makarani na madereva katika kupanga masomo, masomo ya jioni yaongezwe mpakani, na waajiri wawapeleke wafanyakazi mafunzoni. Kila mwanachama amwulize mwajiri wake: mwaka huu umempeleka nani?