Njia ya Kufika Mlangoni Petu



Katika mitaa yetu ya Kisauni, Likoni na Changamwe, nyumba nyingi hazina nambari, na vichochoro havina majina yaliyoandikwa. Mgeni huelekezwa kwa mdomo: ukifika msikitini pinda kushoto, pita duka la nazi, kisha uliza. Maelekezo haya yametutosha miaka mingi, maadamu ni mchana na watu wapo barazani. Lakini uchungu wa uzazi hauchagui saa. Ukimshika mzazi saa nane za usiku, maduka yamefungwa na wa kuulizwa wamelala. Gari laweza kuwa hatua mia kutoka mlangoni na lisiuone.

Hapo ndipo setilaiti zinapotufaa. Mfumo wa GPS, ulioundwa na Marekani, hutumia setilaiti zisizopungua 24 zinazoizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi. Simu husikiliza angalau nne kwa pamoja, ikapima muda wa mawimbi ya kila moja kuifikia, ndipo ikajua ilipo. Kuzisikia hakuhitaji intaneti. Kinachoihitaji ni kumpelekea mwenzio ramani yenye alama. Asiye na bando anaweza kutuma zile nambari za mahali kwa ujumbe mfupi wa kawaida.

Basi tuyafanye haya mapema, tusingoje usiku wa dhiki. Tutoke nje, kwa kuwa mabati na kuta hudhoofisha mawimbi. Tungoje kidogo hadi alama itulie, kisha tuiweke pale gari linapoweza kusimama. Tuihifadhi katika simu za watu kadhaa: mume, mama mkwe, jirani, na dereva tunayemwamini. Nazo familia za Likoni zikumbuke kwamba ramani huonesha kisiwa kikiwa karibu, lakini feri ina foleni yake. Tuamue mapema ni hospitali ipi ya upande wetu tutakayoikimbilia.

Wengi wetu pia huitumia simu kutafuta kibla, hasa tunapohamia nyumba mpya. Tufahamu kwamba setilaiti huijulisha simu mahali ilipo tu. Upande inaoelekea huonyeshwa na dira ndogo ya sumaku iliyomo ndani yake. Dira hiyo hupotoshwa na nondo za dirisha, friji, hata spika. Ndiyo maana dada wawili katika chumba kimoja huweza kuoneshwa kibla mbili. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja, kwa hiyo kibla yetu ni kaskazini, takriban sawasawa. Simu ikituelekeza mashariki, imekosea. Mwenye shaka angoje tarehe 28 Mei, saa 6:18 mchana, au 16 Julai, saa 6:27. Nyakati hizo jua huwa juu ya Makka, na mwenye kulielekea ameielekea kibla.

Neno la mwisho ni la wanandoa na wazazi. Simu inayomwonesha dereva mlango wetu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kufuatilia kila hatua ya mtu. Binti anayerudi chuoni jioni akamtumia mamake alama kwa ridhaa yake, hiyo ni hifadhi. Mume anayeitega simu ya mkewe kwa siri, au mke ya mumewe, huo ni upelelezi, nao umekatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Ndoa haijengwi kwa ramani.

Kila nyumba yenye mja mzito, mzee au mgonjwa, na iiweke alama yake kabla ya Ijumaa ijayo. Mwenyezi Mungu awajaalie mama zetu na dada zetu kujifungua salama.

Wabillahi tawfiq.