Tusiuze maharagi kwa kuogopa wadudu



Mavuno ya mwezi wa kwanza yakiingia nyumbani, wengi wetu hapa Kavumu tunaharakisha kuuza maharagi hata kama bei iko chini. Tukiulizana sababu, jibu ni moja: tukiyaweka, wadudu watayamaliza. Kisha mwezi wa pili tunatafuta mbegu, mwezi wa nne tunatafuta chakula, na tunanunua kwa bei kubwa kuliko tuliyouzia.

Kwanza tumjue mdudu huyu. Ana urefu wa milimita 3 hadi 5 tu. Mara nyingi anaanzia shambani, kwa kutaga mayai ndani ya maganda yanayokauka, nasi tunamleta nyumbani pamoja na mavuno. Funza wake anatoboa haragi na kukulia ndani. Lile tundu la mviringo ni mlango anaotokea akisha kukomaa. Tukiliona, hasara imekwisha kuingia. Basi tufanye kazi mapema:

1. Tuvune mara maganda yanapokauka, tupure, tuanike juu ya shiti, tupepete na kuchambua. Maharagi ya zamani yenye matundu tusiyachanganye na mapya.

2. Tupime ukavu. Tutie maharagi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, tutikise. Chumvi ikishika kwenye chupa, tuanike tena.

3. Tujaze bidoni safi mpaka mdomoni, tufunge kwa nguvu. Wadudu wakimaliza hewa iliyo ndani, wanaacha kula na kufa. Bidoni ya litre 20 inachukua karibu kilo 15. Ni vizuri kuwa na bidoni ndogo kadhaa: tunakula ya moja, zingine zinabaki zimefungwa. Bidoni iliyobeba mafuta ya gari au dawa ya shamba haifai kamwe.

4. Asiye na bidoni atie maharagi nusu ya chombo, akibiringishe kila asubuhi na kila jioni. Funza anahitaji karibu siku nzima kutoboa haragi. Akisukumwa kila mara anakosa pa kujishikiza na kufa. Kazi hii watoto wanaiweza.

5. Mbegu tuzichanganye na majivu makavu, yaliyopoa na kuchekechwa. Maharagi ya kula yanaweza kupakwa mafuta ya kupikia, kijiko kidogo kimoja kwa kilo.

Sasa onyo, wamama. Kuna vidonge vinavyotoa gesi ya kuua wadudu. Gesi hiyo inaua watu pia. Nyumba nyingi kwetu zina chumba kimoja au viwili, na gunia la maharagi linakaa karibu na kitanda cha watoto. Vidonge hivyo visiingie kabisa katika nyumba ambamo watu wanalala. Pia dawa ya kunyunyiza shambani tusiitie katika chakula.

Katika vikundi vyetu, tujiulize: tukichanga kidogo kidogo kila juma, tunaweza kumnunulia kila mama bidoni moja kabla ya mavuno yajayo? Mama mwenye bidoni iliyofungwa vizuri anauza siku anayotaka yeye, wala hafukuzwi na mdudu.

Tuonane juma lijalo.