"Ikija" si "Itakuja"

Mashabiki wa hoki ya barafuni mjini Quebec, Kanada, wangali wanangoja timu. Nordiques, iliyokuwa yao, iliuzwa ikahamishiwa Denver mwaka wa 1995; mwaka uliofuata ikatwaa Kombe la Stanley kwa jina jingine. Tangu hapo, kila uvumi wa kupanuliwa kwa ligi huwakesha.

Nami, kwa jicho la mwanaisimu, naona kiini cha jambo hili katika kitenzi. Lugha ya wakuu wa ligi ni ya -ki-: mji ukiwa na uwanja, ligi ikipanuka, tajiri akijitokeza. Masikioni mwa mashabiki, -ki- hugeuka -ta-. Jimbo na mji wakajenga uwanja kwa fedha za umma, takriban dola milioni 370 za Kanada, ukafunguliwa mwaka wa 2015. Mwaka wa 2016 Las Vegas ikapewa timu, ombi la Quebec likaahirishwa. Mwaka wa 2018 ikawa zamu ya Seattle.

Siwacheki. Timu ile ilikuwa fahari ya wasemao Kifaransa. Lakini sharti si ahadi. Walimu wenzangu, tuwafunze vijana tofauti hiyo mapema, kwani asiyeijua huishia kwenye -ngali-: "Ningalijua!" Nayo huja baada ya kulipa.