Kamera ya Zamani Bado Yafaa?



Ubatizo na Kipaimara vinapokaribia, swali moja hurudi katika vikundi vyetu vya akina mama hapa Olasiti: "Kamera yetu ya nyumbani imepitwa na wakati. Tukope kikoba tununue iliyo mpya zaidi?" Swali hili si dogo. Fedha hiyo huenda ndiyo ada ya mtoto, na picha hiyo huenda ikawa ya mwisho ya bibi akiwa nasi.

Tuchukue mfano wa kamera mbili za kampuni moja: Nikon D40 ya mwaka 2006 na Nikon D3200 ya mwaka 2012. Ya kwanza huunda picha kwa nukta milioni 6 hivi, ya pili milioni 24. Wengi hudhani basi ya pili ni bora mara nne. Sivyo. Picha ya D40 ina nukta 3,008 kwa 2,000. Ya D3200 ina 6,016 kwa 4,000. Kila upande umeongezeka mara mbili tu. Tena picha ya albamu ya inchi 6 kwa 4, ikisafishwa kwa nukta 300 kila inchi, huhitaji nukta 1,800 kwa 1,200, yaani kama milioni 2. Kwa hiyo mkipiga nje ya kanisa mchana, Mlima Meru ukiwa wazi, mkazisafisha zote mbili kwa saizi hiyo, itakuwa vigumu kuzitofautisha. Nukta nyingi hufaa zaidi kwa picha kubwa ya ukutani.

Tofauti kubwa huonekana mwanga unapopungua. Ni jioni sebuleni, balbu ni moja, bibi amempakata mjukuu. Kamera ya zamani ukiipandisha hadi ISO 1600, uso wa bibi huanza kujaa chenga. Usipoipandisha, huchelewa kufunga, na mtoto akijitikisa picha huingia ukungu. Ile ya baadaye hufika ISO 6400, na kwa picha ya saizi ile ile chenga zake ni chache. Hapo kweli imeishinda.

Lakini liko tatizo ambalo upya wa kamera peke yake hauliondoi. Gauni jeupe la ubatizo huidanganya kamera ikadhani mwanga umezidi. Huupunguza, na nyuso zetu nyeusi zikazama gizani.

Kabla ya kukopa, mama, jaribu haya:

1. Mkalishe bibi karibu na mlango au dirisha, uso wake ukielekea mwanga. Dirisha lisiwe nyuma yake.

2. Penye gauni jeupe, weka gurudumu la juu kwenye P, kisha kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ongeza mwanga kidogo. Kagua uso, si gauni.

3. Futa lenzi kwa kitambaa laini na safi. Alama za vidole huleta ukungu.

4. Peleka studio kadi yenyewe. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepunguzwa nukta.

Mwenye kazi ya kupiga sherehe za usiku ukumbini ana sababu ya kununua kamera ya baadaye. Sisi wengine tukumbuke fundisho la Bwana katika Luka 14:28, kwamba mjenzi hukaa kwanza akahesabu gharama.

Katika nyumba zetu nyingi, picha pekee ya bibi ni ile ndogo ya kitambulisho, ambayo hukuzwa siku ya msiba. Tusingoje siku hiyo. Jumapili hii, mkitoka ibadani, mwekeeni bibi kiti mlangoni, mpeni mjukuu ampakate, mkapige kwa kamera mliyo nayo. Kisha isafisheni mapema, bibi naye aione.

Mungu azibariki nyumba zenu.